"Rukeni!": kikoba cha Mwanza, pomboo wa Kizimkazi na bango nililoliandika mwenyewe

Bango nililituma kwenye grupu la kikoba usiku wa Jumapili moja ya Septemba, nimekaa barazani kwangu Kirumba, mbu wananila miguu. Lilikuwa na picha ya pomboo akiruka juu ya maji, nimeiokota mtandaoni, na maneno matatu kwa herufi kubwa: OGELEA NA POMBOO. Pembeni, ndani ya duara jekundu kama la promosheni ya sabuni, nikaongeza neno la nne: UHAKIKA.

Ninaanzia hapo kwa makusudi. Kila nilipokisimulia kisa hiki kuanzia baharini, wasikilizaji walimaliza kwa kumlaumu nahodha, nami nikaitikia pamoja nao. Ilichukua miezi sita, video moja isiyo na sauti na simu moja fupi kunirudisha hadi kwenye baraza ile. Nahodha sitamtaja, wala kijana aliyetuunganisha naye, wala kikoba chetu. Mwandishi wa bango ni mimi, katibu.

Tuko wanachama 22. Wengi ni kina mama wanaouza dagaa na sato Mwaloni, halafu kuna walimu wawili wastaafu, muuguzi mmoja, na kijana mwenye bodaboda tatu ambaye tunamwita Bwana Usafiri. Kila Desemba tukishavunja kikoba, sehemu ya faida inakwenda kwenye safari. Mwaka uliotangulia tulikwenda Serengeti kwa kupitia geti la Ndabaka, ambako mtu wa Mwanza anaweza kutoka alfajiri na jioni akalala kwake. Kule hakuna aliyeomba kushuka garini. Hakuna aliyetaka dereva apige honi simba aamke. Tulimkuta duma ana watoto, dereva akasimama mbali, tukakaa kimya, tukala mayai yetu ya kuchemsha, tukaridhika.

Kwa pomboo, swali la kwanza kwenye grupu lilikuwa: "Wanashikika?"

Nimelifikiria sana swali lile. Simba tumelelewa na hadithi zake. Tunajua ana meno. Pomboo tunamjua kwa kalenda na katuni za watoto, na usoni ana kitu tunachodhani ni tabasamu. Si tabasamu. Taya lake limeumbwa hivyo. Akiwa na raha au na hofu, mdomo ni uleule. Aprili 2006 mamia ya pomboo walikufa kwenye fukwe za Nungwi, kaskazini ya Unguja, na hata wale, ukiwatazama mdomoni, walikuwa "wanacheka". Kwa hiyo mnyama huyu ana bahati mbaya ambayo simba hana: hata akiwa taabani, mtu anaweza kumtazama na kuona kama anakaribishwa.

Nusu ya pili ya pesa

Mweka hazina wetu ana sheria moja isiyoandikwa popote: dagaa hawalipiwi kwa picha. Uone mzigo, uushike, uupime, ndipo utoe hela. Nilipozungumza na kijana wa Unguja aliyetutafutia boti nilibana kwa sheria hiyohiyo. Boti mbili, watu 8 kila moja, maana wanachama 16 ndio waliosafiri. Nusu ya pesa tukipanda. Nusu ya pili tukirudi, na itatoka iwapo tu tumewaona pomboo na tumeingia nao majini. Nahodha atakayetuweka karibu zaidi nitamwongezea chochote cha soda.

"Hamna shida, mama," akasema.

Kikaoni nilipigiwa makofi kwa masharti yale. Nayarudia hapa yalivyo kwa sababu kisa chote kimekaa ndani yake, na wakati ule hakuna hata mmoja wetu, pamoja na walimu wawili, aliyeona kuwa nilikuwa nimenunua mbio.

Safari yenyewe haina cha kusimulia zaidi ya uchovu: basi kutoka Nyegezi hadi Dodoma, treni ya umeme hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, kisha Coaster hadi Kizimkazi, kusini kabisa ya kisiwa. Mwalimu wetu wa historia alitaka kuuona msikiti wa Dimbani, ambao maandishi yake ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yana mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Tukamwambia utausoma ukirudi. Nahodha alikuwa ametuma ujumbe: saa kumi na mbili na nusu muwe ufukweni, mkichelewa wenzetu watatangulia.

Watatangulia wapi? Hatukuuliza.

Asubuhi ya Kizimkazi

Ilikuwa Januari, msimu wa kaskazi, na bahari upande ule ilikuwa imelala kama ziwa letu kabla upepo haujaamka. Kati ya watu 16, wanaojua kuogelea walikuwa wanne. Msishangae. Sisi wa ziwani tunayajua maji kwa kuyaheshimu zaidi kuliko kwa kuyachezea. Tangu kuzama kwa MV Bukoba 1996 na MV Nyerere 2018, wengi wetu tuna jina la mtu la kutaja. Majaketi ya kuokolea tuliyafunga hadi shingoni kabla boti haijasogea.

Hatukuwa wa kwanza. Boti moja ilikuwa imeshawapata pomboo, nahodha wake akapiga simu, na ndani ya robo saa boti zote zilizokuwa zimetawanyika zikageuza pua kuelekea palepale. Mwalimu wa hesabu alihesabu boti 11. Pomboo walikuwa kama 8: mgongo wa kijivu unachomoza, pumzi inapiga pfuu, mgongo unazama. Nahodha wetu akawapita ubavuni kwa kasi, akakata mbele ya njia yao, akapunguza mashine, akapaza sauti:

"Rukeni! Rukeni!"

Wakaruka, waliojua kuogelea na wasiojua, miwani ya kuzamia imekaa upande. Pomboo wakapita chini yao kama vivuli wakaibukia ng'ambo. "Pandeni, pandeni!" Ngazi, vicheko, mtu amepoteza pezi, mashine inanguruma, mbio. "Rukeni!" Mwalimu anasema ilikuwa mara saba ndani ya dakika 40. Mara ya nne, boti ya watu wengine ilirudi kinyumenyume mita chache tu kutoka alipokuwa muuguzi wetu, propela inazunguka. Hakuumia. Hilo peke yake lingetosha kuwa kisa, lakini tulilicheka baadaye tukinywa madafu.

Mmoja hakuruka. Ni mama wa dagaa, mzaliwa wa Ukerewe, binti wa mvuvi. Alikaa nyuma karibu na mashine, kanga kichwani, anatazama. Katikati ya vurugu ile akamwambia nahodha, kwa adabu tu, "Baba, yule ana mtoto."

"Ndiyo mama, wapo na watoto. Wazuri sana."

"Baba yangu akiona kiboko ana mtoto alikuwa anazima mashine, anashika kasia."

Nahodha akacheka kwa upole. "Huku hatuna viboko, mama." Akaongeza mwendo.

Tulirudi ufukweni tumefurahi, na hilo lisifichwe. Hatukurudi na majuto. Tulirudi na picha, nusu ya pili ya pesa nikaihesabu mbele ya watu, na cha soda nikakitoa. Kabla hatujafika mjini kila mtu alikuwa amebandika stetasi. Mama wa Ukerewe tulimtania njia nzima kuwa amelipa nauli ya Zanzibar kwenda kukaa.

Video isiyo na sauti

Mwisho wa Februari tulifanya kikao cha tathmini nyumbani kwa mwalimu wa hesabu, Nyakato. Kila baada ya safari tunakaa, tunapitia matumizi, tunagombana kidogo, tunakula. Mwalimu alikuwa amechukua video ya kama dakika nne akiwa juu ya boti, akaiunganisha na televisheni. Spika ilikuwa imekufa. Tukaitazama kimya.

Sikujua ni kiasi gani furaha yetu ilikuwa ya masikioni. Bila vicheko na bila "rukeni", kilichobaki kwenye kioo ni boti zinazokata njia na wanyama wanaogeuka. Wanageuka kushoto, boti iko mbele. Wanazama, wanakaa chini muda mrefu kuliko mwanzo, wanaibuka wamebanana. Kuna pezi moja dogo lililoganda ubavuni mwa pezi kubwa, na kila boti inapokuja, lile kubwa linahamia upande wa boti na dogo linabaki upande wa pili. Mweka hazina akasema, "Rudisha hapo." Mwalimu akarudisha. "Rudisha tena."

Mama wa Ukerewe alikuwa anakula. Hakusema kitu, na namshukuru kwa hilo hadi leo.

Baada ya kikao kile nilisoma kwa bidii kuliko nilivyosomea mtihani wa darasa la saba. Kizimkazi kuna pomboo wa aina mbili wanaoishi palepale mwaka mzima, hawapiti tu kama nyangumi wa nundu wanaopandisha pwani yetu kati ya Julai na Novemba. Watafiti waliowatambua mmoja mmoja kwa alama za mapezi walipata pomboo mia na ushee wa aina ile kubwa zaidi kwa idadi, na wachache zaidi wa aina ya pili, pomboo wenye nundu, ambao leo wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani. Mia na ushee. Kikoba chetu na vikoba jirani vya Mwaloni tukikaa pamoja tunawafikia.

Jike hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha humnyonyesha kwa miaka, kwa hiyo mtoto mmoja akipotea nafasi yake haizibwi msimu ujao. Kunyonya kwenyewe hufanyika chini ya maji, sekunde chache kwa kila mara, mara nyingi kwa siku, na mama anatakiwa aende polepole ndipo mtoto apate titi. Usingizi nao wa ajabu: pomboo hupumzisha nusu moja ya ubongo huku nusu nyingine inasimamia kuibuka na kuvuta pumzi. Ukimwona anaelea taratibu, anaibuka kwa mpangilio, hafanyi lolote la kupiga picha, huenda amelala. Kwa mtalii huyo ni pomboo mvivu anayehitaji kuchangamshwa.

Kazi za watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa nje zimeonesha jambo ambalo video yetu ilikuwa inalionesha bila takwimu: boti zikiwepo, pomboo wa Kizimkazi hupunguza kupumzika na huongeza kusafiri. Sisi tulikaa dakika 40. Yule mama mwenye mtoto alikuwa na boti 11 asubuhi ile, na kesho yake zikaja nyingine.

"Ungenilipa?"

Machi nilimpigia nahodha. Namba yake nilikuwa nayo, na nilikuwa nimejiandaa kumfundisha. Nikamwamkia, nikamsifia, kisha nikaingia: kwa nini hakuzima mashine mbali, akaacha pomboo waje wenyewe kama wanataka?

Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Mama, kama ningezima mashine mita mia, mkakaa nusu saa, wasije, ile nusu ya pili ungenilipa?"

Nikanyamaza. Jibu lilikuwa kwenye masharti yangu mwenyewe. Hapana.

Akaendelea bila hasira. Mafuta ni yake. Boti si yake, ina mwenyewe anayesubiri hesabu jioni. Akikaa mbali na wenzake wakasogea, wageni wake watawaona wageni wa wenzake wakiruka, watanung'unika, na kesho hoteli itampigia mwingine. Miongozo anaijua: usikate mbele yao, usiwazunguke, usitenganishe mama na mtoto. "Kuijua naijua," akasema. "Ila mgeni hajaja na miongozo. Kaja na bango."

Sikumwambia bango ni la nani.

Ningependa kisa kiwe rahisi kuliko hivi, lakini historia ya pale inakataa. Kabla ya utalii, pomboo wa Kizimkazi walikuwa wanawindwa, nyama yao ikawa chambo cha kuvulia papa. Utalii wa pomboo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na uwindaji ule ukakoma katikati ya miaka hiyohiyo, kwa sababu pomboo hai alianza kuleta hela kila asubuhi ilhali wa chambo huliwa mara moja. Mwaka 1997 ghuba yote ya Menai ikawa eneo la hifadhi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kwa kweli alipona hata pomboo. Hadi leo nyavu za jarife zinazowanasa bila kukusudiwa zinaua, na mtalii hajawahi kumtia pomboo kwenye wavu. Anayesema watalii waondoke Kizimkazi awaambie pia wavuvi wale watakula nini, na pomboo watakuwa nini tena.

Kwa hiyo zile mbio ni mtoto wa uokozi. Sina namna nzuri zaidi ya kulieleza.

Nchi nyingine zimeweka vipimo. Australia wanasema boti isisogee karibu ya mita 50 kwa pomboo na mita 100 kwa nyangumi, na boti zisizidi tatu kwa pamoja katika eneo la tahadhari. New Zealand nao ni boti tatu ndani ya mita 300, na kundi lenye watoto haliogelewi nalo kabisa. Hawaii ndiyo iliyonigusa. Kule kuna aina ya pomboo wanaowinda usiku kilindini na kurudi mchana kupumzika kwenye ghuba za maji mafupi, ghuba zilezile zinazopendwa na watalii kwa sababu pomboo wanaonekana kirahisi. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuwakaribia ndani ya yadi 50, kama mita 46, iwe kwa boti au kwa kuogelea. Mchana wao ndio usiku.

Niliposoma hilo nikamkumbuka kiboko.

Masikio

Mama wa Ukerewe alinipeleka Igombe kwa mzee mmoja, mvuvi mstaafu, rafiki wa marehemu baba yake. Tulimkuta anaziba mtumbwi kwa pamba na mawese. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho, akaniambia nishike pamba.

Kiboko, akasema, mchana unadhani anafanya nini? Amelala. Kazi yake ni usiku, anapanda nchi kavu kula majani, anarudi alfajiri, anajituliza majini jua lisimchome ngozi. Wewe unapita na mashine saa nne asubuhi, umempitia mtu kitandani. Akikuona kwanza anakutegea masikio. Masikio yakicheza kawaida, yakipukuta maji, yuko na mambo yake. Yakisimama kukuelekea, umeshazidi. Akifungua kinywa, watu wa mjini wanasema anapiga miayo, wanatoa simu. "Hapigi miayo yule. Anakuonesha anachokuja nacho."

Nikamuuliza mita ngapi zinatosha. Akanitazama kama nimeuliza uzito wa moshi. "Mita ni zake. Siku nyingine yuko peke yake, pana. Siku nyingine ana mtoto, panakuwa padogo wewe ukiwa bado mbali."

Nikamsimulia nilichokisoma, kwamba wataalamu wa vinasaba tangu miaka ya 1990 wamethibitisha kuwa ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi na pomboo, kati ya wanyama wote walio hai, ni kiboko. Babu yao mmoja aliishi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Hakushangaa. Akauliza kama pomboo naye hunyonyesha chini ya maji. Nikasema ndiyo. "Basi," akasema, kama mtu aliyekuwa anangoja hesabu ifungwe.

Lakini ndugu hawa wametofautiana pabaya, na hapa ndipo mimi na mzee tulikaa muda mrefu kuliko pengine popote. Kiboko anazilinda mita zake mwenyewe. Mvuvi wa Igombe hakuhitaji semina kuzima mashine. Aliyekosea hakurudi kusimulia. Pomboo hana meno ya kumtishia mtu mwenye boti. Anachoweza ni kuondoka, kubana kundi, kupiga mkia majini, kuzama muda mrefu, na sisi kila alipofanya hivyo tulishangilia tukidhani ni mchezo. Adabu yetu ya ziwani, nikaona, haikuwa adabu sana kama tulivyopenda kujisifu. Ilikuwa hofu.

Ushahidi ni fisi maji. Yumo ziwani humu, wa shingo ya madoa, Rubondo wanalindwa ndani ya hifadhi tangu 1977, lakini huku kwetu anachana nyavu akifuata samaki na wavuvi wengi hawamwachi akipatikana. Hana uzito wa kiboko. Nikamuuliza mzee kama fisi maji naye walimzimia mashine. Akaziba ufa mmoja, wa pili.

"Hapana," akasema. "Yule tulimpiga kasia."

Bango la pili

Juni tulifanya jaribio, nusu siku, hapahapa ziwani kuelekea ghuba ya Speke, watu 9 kwenye mtumbwi wa mashine wa kijana wa mzee. Masharti niliyaandika upya. Tunanunua saa tatu za maji, pesa zote zinatoka tukipanda, tukiona kitu au tusione. Hakuna cha soda kwa kusogea. Mzee akisema hapa, ni hapa. Tukikaa na mnyama dakika 20, tunaondoka hata kama ndiyo kwanza anapendeza. Mweka hazina alitia saini kama anatia saini hati ya kifo cha sheria yake.

Matokeo niyaseme yalivyo. Karibu na matete tuliona jozi tano za masikio na matundu ya pua, mbali. Tulikaa. Jua likapanda. Mama mmoja akasema kwa sauti iliyokusudiwa inifikie kwamba ametoa elfu thelathini kutazama masikio. Bwana Usafiri akalala. Baadaye, kwenye mawe, fisi maji wawili walitoka majini, mmoja ana samaki, wakakaa labda dakika mbili wakila na kujikung'uta, kijana wa mzee ameshikilia kasia bila kulichovya. Waliokuwa macho walikuwa sita. Hakuna picha inayoonesha zaidi ya jiwe lenye kitu cha kahawia.

Tulipofika mwaloni kijana akataka kurudisha sehemu ya pesa. "Mbona hamjaona sana?" Nikamwambia hatukununua kuona. Akahesabu tena, akaitikia wabeja, asante ya Kisukuma, akamtazama baba yake.

Sasa tunapanga kurudi Kizimkazi. Nimezungumza na nahodha yuleyule, na tumekubaliana muda wa saa tatu kwa bei kamili ya mbele, tutoke wengine wakiwa wametangulia kwa muda wa saa mbili, tuwakute pomboo wakati boti nyingi zimerudi. Tukikuta boti tatu zipo tunangoja pembeni au tunakwenda kuona matumbawe. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kuhusu kuogelea hatujapatana. Mwalimu wa hesabu anasema kabisa hapana, pomboo wawe na watoto au wasiwe nao. Mimi nadhani ukiwa umetulia majini kandokando ya boti iliyozimwa, pomboo akaja kwa hiari yake, hujamkosea. Lakini nimeona jinsi "kwa hiari yake" inavyonyumbulika mtu akishalipa nauli ya kutoka Mwanza, kwa hiyo neno OGELEA nimelitoa. Na mwalimu wa historia ameweka sharti lake: Dimbani kwanza, pomboo baadaye.

Bango jipya lina picha ya bahari tupu, niliipiga mwenyewe. Limeandikwa: KIZIMKAZI. HUENDA TUKAWAONA POMBOO. Mara ya kwanza walijiandikisha 16 ndani ya siku nne. Hili lina wiki tatu na majina 7, na boti ya saa tatu kwa watu 7, kila mmoja analipa karibu mara mbili. Mweka hazina amenitumia hesabu hiyo bila neno lolote juu yake.

Jana usiku mwanachama mmoja aliandika kwenye grupu: "Katibu, hiyo huenda ni asilimia ngapi?" Nikamjibu kwamba sijui, ila msikiti upo. Tiki mbili za bluu zimeshatokea. Hela ya kishika nafasi bado hajatuma.